WATU WA NYUMA KATIKA SINEMA: NAMNA YA KUANZA KAZI HIYO



Kila atazamaye sinema huwakumbuka wachezaji wakuu na kuwataja kwa majina. Lakini nyuma yao wapo watu wengine: wachuuzi sokoni, abiria kituoni, waombolezaji makaburini. Hao hawasemi neno, wala kwa desturi majina yao hayaandikwi mwishoni mwa picha. Hata hivyo, wakiondolewa, soko huwa uwanja mtupu na mji huwa mahame.

Kazi hii si ngeni katika Kenya. Baadhi ya sehemu za picha ya "Mogambo", iliyotolewa mwaka 1953, zilipigwa katika nchi hii. Ikafuata "Out of Africa" mwaka 1985, na "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana. Siku hizi picha za Wakenya wenyewe nazo zahitaji watu wa namna hiyo.

Anayetaka kuanza hahitaji cheti wala uzuri wa sura. Watengenezaji hutafuta watu wa kila aina: mzee mwenye mvi, mama mnene, kijana mrefu na kijana mfupi. La kwanza ni kupata picha mbili zilizo wazi, moja ya uso na moja ya mwili mzima, bila miwani ya jua wala mapambo mengi. Pamoja nazo huandikwa jina, umri, kimo, namba ya simu, na ujuzi wowote alio nao mtu, kama kupanda farasi au kupiga ngoma. Hayo yote hupelekwa kwa mawakala wanaochagua wachezaji.

Hapa ndipo penye hatari. Mwajiri hutoa mshahara, hadai ada. Katika picha ya "Nairobi Half Life" ya mwaka 2012, kijana wa kijijini aitwaye Mwas aliambiwa atoe shilingi 1,000 ili apatiwe nafasi ya kuigiza. Akatoa 500 alizoweza kupata, akaenda Nairobi, na alipofika tu akanyang'anywa mali yake. Hadithi hiyo ilitungwa, lakini hila za namna hiyo zipo kweli. Kwa hiyo yafaa mtu aulize kama kampuni ina leseni ya kupiga picha, kwani sheria ya Kenya huitaka. Tena yafaa mapatano yaandikwe kabla ya kazi: ujira ni kiasi gani, saa ni ngapi, chakula na nauli ni juu ya nani, na malipo yatatolewa siku gani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naye mtoto asipelekwe bila mzazi au mlezi wake.

Siku ya kazi huanza alfajiri, na sehemu kubwa yake ni kungoja. Nguo ziwe safi, zisizo na maandishi makubwa. Kamera ikianza kazi, mtu asiitazame kamwe. Akiambiwa azungumze na mwenzake, hutikisa midomo tu bila kutoa sauti, ili maneno ya wachezaji wakuu yasikike. Kelele za umati hutiwa baadaye. Tendo moja laweza kurudiwa mara nyingi, na vipande hivyo huunganishwa kuwa kimoja. Basi aliyebeba kikapu mkono wa kulia hana budi kukibeba mkono ule ule kila mara, la sivyo watazamaji watakiona kikiruka mkono kwa mkono. Simu izimwe, na asiwasumbue wachezaji wakuu kwa kutaka kupiga picha nao.

Mwisho, ieleweke kwamba hiki ni kibarua cha siku chache, wala si njia ya hakika ya kupata utajiri. Mwenye shamba asiuze ng'ombe wake kwa ajili yake, wala mwenye kazi asiiache. Lakini wasimamizi humkumbuka mtu aliyefika mapema, aliyesikiliza na kuvumilia bila manung'uniko. Picha nyingine inapotengenezwa, huyo huitwa kwanza.