Utafiti wa Taita Taveta ni Mali ya Nani?



Tuanze na simba, maana mgeni akifika Voi hakosi kuwaulizia. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipokuwa ikijengewa daraja kwenye Mto Tsavo, simba wawili dume waliwala vibarua kwa miezi kadhaa, hadi mhandisi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Mwaka 1907 alitoa kitabu, The Man-Eaters of Tsavo. Mwaka 1924 aliziuza ngozi na mafuvu ya simba hao kwa makumbusho ya Field, Chicago, na huko ndiko waliko hadi leo. Patterson mwenyewe alifariki Juni 1947.

Anayeshughulika na hakimiliki huanzia kwenye tarehe hiyo ya kifo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maandishi hulindwa maisha yote ya mwandishi, na miaka 50 zaidi kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki. Kwa hesabu hiyo, kufikia Januari 1998 kitabu cha Patterson kilikuwa kimeingia katika milki ya umma hapa Kenya. Uingereza huhesabu miaka 70, kwa hiyo huko kilisubiri hadi Januari 2018. Kwa miaka 20 mwanafunzi wa Voi aliweza kukichapa kitabu kizima, hata kukitafsiri kwa Kidawida, bila kumpigia mtu magoti, huku mwenzake wa London akihitaji ruhusa. Lakini ruhusa ya kuchapa haina faida kwa mtu asiye na kitabu cha kuchapa. Sheria hukiweka kitabu huru, ila haikisafirishi. Kwa nusu karne na zaidi, yaliyoandikwa kuhusu sisi yamepangwa kwenye rafu za watu wengine.

Kisa cha pili kinanigusa zaidi, nami nitakaa nacho.

Wazee waliopo hapa wanaijua desturi ya zamani ya Taita: marehemu alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na ya wenzake wa ukoo. Enzi za ukoloni mafuvu kutoka vilima vyetu yalipelekwa Cambridge, na mwaka 1931 jarida la Biometrika likachapisha makala ya vipimo vya mafuvu kutoka Kenya. Baadaye akaja Mmarekani William White Howells, profesa wa Harvard, aliyezunguka makumbusho ya dunia akipima mafuvu ya binadamu. Alipima 2,524 kutoka makundi 28. Moja ya makundi hayo linaitwa Teita, kwa tahajia ile ya kikoloni, nalo lina mafuvu 83: 33 ya wanaume na 50 ya wanawake.

Howells hakuzibania takwimu zake. Alizitoa bure kwa yeyote anayezitaka, na leo jedwali lote hupakuliwa kwa muda mfupi kuliko wa kuagiza chai. Programu za wataalamu wanaotambua mifupa ya watu wasiojulikana, kama CRANID na FORDISC, huzitumia takwimu hizo. Mifupa ikiokotwa msituni Marekani au Australia, kompyuta inaweza kuilinganisha na ya mababu wa Taita.

Lifungueni jedwali hilo siku moja. Kila fuvu ni mstari mmoja: namba, jinsia, jina la kundi, kisha urefu wa fuvu, upana wake, kimo cha uso, upana wa pua, yote kwa milimita. Safu ya ukoo haipo, wala ya kijiji, wala ya pango alimowekwa marehemu.

Je, kuna hakimiliki iliyovunjwa? Hakuna. Kipimo ni ukweli, na hakimiliki hailindi ukweli. Hulinda namna mtu alivyoueleza. Mkusanyo wa takwimu waweza kulindwa kama kazi iliyoandikwa, lakini milimita 180 ni milimita 180 tu, hata ipimwe na nani. Basi kwa macho ya sheria hii mambo ni safi kabisa, na ndiyo sababu nasema sheria hii peke yake haitutoshi. Inamuuliza aliyeandika kama ameridhia. Aliyeandikwa hana swali lake humo.

Wapo wenzangu wanaosema dawa ni kufunga kila kitu: kwa kuwa walichukua bila kuuliza, sasa na sisi tusitoe. Siwaungi mkono. Ukarimu wa Howells ndio unaomwezesha binti wa Mwatate mwenye simu na vifurushi vya intaneti kuzishika takwimu za mababu zake na kuzihoji upya. Kinachomkwamisha ni makala zilizoandikwa juu ya takwimu hizo, kwa kuwa nyingi huwezi kuzisoma mpaka ulipie. Namba zilitoka kwetu na ni bure, ila maelezo yake yanauzwa.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanafunzi wangu huichanganya. Grace Harris aliishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 Cambridge wakachapisha kitabu chake, Casting Out Anger, kuhusu dini ya Wataita na ibada ya kutasa. Kitabu hicho kina mwenyewe, na kukitoa fotokopi jalada hadi jalada kibandani ni kosa, ingawa sheria yetu inaruhusu kunukuu kwa ajili ya utafiti ukitaja chanzo. Kutasa kwenyewe si mali ya Harris wala ya mchapishaji. Mzee yeyote anaweza kuieleza kesho, nawe ukaiandika kwa maneno yako mwenyewe.

Ila je, ukiandika, ni yako? Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016. Inatambua haki ya jamii, haina ukomo wa miaka 50, inataka ridhaa itolewe kabla, na imezipa serikali za kaunti wajibu wa kukusanya na kusajili. Mifupa ya Cambridge haitarudishwa na sheria hiyo, kwa sababu mifupa si maarifa; hilo ni dai jingine na lina mahali pake. Lakini habari za fighi, misitu yetu mitakatifu, na dawa zinazochumwa humo, zimo ndani yake.

Na sisi wahadhiri tusijifanye malaika. Makala ikikubaliwa, wengi wetu husaini fomu ya mchapishaji bila kuisoma, kwa furaha ya kupandishwa cheo. Kwa sheria ya Kenya hakimiliki haihamishwi bila maandishi, maana yake ni kwamba saini yako ndiyo ufunguo. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuiweka rasimu iliyokubaliwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo chake, papo hapo au baada ya muda fulani. Someni kipengele hicho. Kisipokuwepo, ombeni kiwekwe kabla ya kusaini.

Naiomba Seneti ya chuo chetu ipitishe jambo moja. Tasnifu yoyote iliyokusanyiwa habari katika kaunti hii isikubaliwe hadi nakala yake iwekwe wazi mtandaoni na nyingine ipelekwe maktaba zilizo karibu na waliohojiwa, iwe Voi, Wundanyi, Mwatate au Taveta, ikiwa na muhtasari wa Kiswahili. Na pale mtafiti alipoelezwa mambo ya fighi, arudi kwa wazee na rasimu mkononi, wamwambie lipi lichapishwe na lipi libaki.