Kabureta au Hewa Inayovuja?

Msumeno wa mnyororo uliorekebishwa Moshi mjini, takribani mita 800 juu ya usawa wa bahari, ukipandishwa mashambani Marangu, takribani mita 1,400, huzidiwa petroli kwa sababu hewa ni nyepesi: hutoa moshi na kukosa nguvu. Hapo kabureta irekebishwe.

Lakini mkiachia akseleta nao ukaendelea kuvuma kwa kasi, uzimeni mara moja. Huenda hewa inapenya kwenye gasketi au sili. Oili ya kulainisha injini huja pamoja na petroli; mchanganyiko huo ukipungua, pistoni hukwaruzika na kukwama.

Msikubali skrubu za kabureta zizungushwe kabla fundi hajapima uvujaji kwa shinikizo. Daini risiti na vipuri vilivyotolewa.