Kuongoza Mwendo wa Kinanda cha Umeme Mbele ya Watu

Ninyi mlio Tunduma, mnaosikiliza huku malori yakingoja zamu ya kuvuka, habari za jioni. Juma lililopita tulijifunza kuzipanga kodi kwa mkono wa kushoto (nasema kodi za kinanda, si zile za forodhani). Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mwendo wa wimbo, yaani kasi yake, na jinsi mpigaji awezavyo kuibadili bila kuiangusha kwaya.

Watu wa Tunduma hawatalistaajabia jambo hili. Upande wetu ikiwa saa nne asubuhi, ukivuka tu kwenda Nakonde, Zambia, utakuta ni saa tatu. Watu ni wale wale, Wanamwanga wa huku na wa huko, lakini saa zao hazilingani. Basi kwaya na kinanda huweza kuwa hivyo hivyo ndani ya nyumba moja.

Tuanze na hesabu. Mwendo hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Kipimo hicho kilienea kwa sababu ya metronomu, chombo alichokiandikisha Johann Maelzel mwaka 1815. Kinanda kikionyesha 120, ni mapigo mawili kwa kila sekunde. Ukishusha hadi 100, kila pigo lachukua sekunde 0.6 badala ya 0.5. Utasema, hiyo ni tofauti gani? Lakini katika mstari wa mapigo 16 umemwongezea mwimbaji zaidi ya sekunde moja na nusu, naye alikwisha kuvuta pumzi ya mwendo wa kwanza.

Mimi nililipia somo hili. Nilipokuwa kijana nilipiga kinanda katika harusi moja. Bibi harusi akaja polepole kuliko tulivyofanya mazoezi. Mashine ilikuwa 116. Nikabonyeza kitufe cha kupunguza, mara moja, mara mbili, kisha kwa hofu nikakishikilia. Nambari zikakimbia; nilipoinua kidole zilisomeka 71. Besi wakafuata ngoma, akina mama wakaendelea na mwendo wao, na baba wa bibi harusi akasimama katikati ya njia asijue aweke mguu upi. Mwalimu wa kwaya akanyosha mkono akaizima mashine. Wakaimba bila kinanda mpaka mbele, tena waliimba vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Kosa langu lilikuwa nini? Midundo iliyomo ndani ya kinanda haina masikio. Mpiga ngoma wa ngozi humwona bibi harusi, akapunguza mwenyewe. Mashine haimwoni mtu. Lazima wewe uwe macho yake.

Vinanda vingi vya Yamaha wanavyopigia vijana wetu vina kitufe cha kugonga mwendo. Midundo ikiwa imesimama, ukikigonga mara nne kwa wimbo wa mapigo manne, itaanza kwa kasi uliyogonga. Ikiwa inakwenda, magonjo mawili yatosha kuibadili. Basi mtazame mwalimu wa kwaya, gonga sawasawa na mkono wake, wala usibahatishe kwa nambari. Mtauliza, nitagonga kwa mkono upi nami ninapiga? Kwa wa kushoto. Ukishaibonyeza kodi, mashine huendelea nayo hata ukiinua vidole, mpaka ubonyeze nyingine.

Wakati wa kufanya hivyo ni mwisho wa ubeti, watu wanapovuta pumzi. Na kama mabadiliko ni makubwa, mathalani kutoka pambio la 126 kwenda utenzi wa 72, nawaambia wazi: simamisha midundo kabisa. Shikilia kodi moja, mwache mwalimu aongoze, kisha ingia upya. Wapigaji wengi huogopa kimya hicho, kana kwamba ngoma zikinyamaza watu watarudi nyumbani!

Mwishoni mwa wimbo mnajua kitufe cha kumalizia. Katika vinanda hivyo hivyo, ukikibonyeza tena wakati umalizio unaendelea, mwendo hupungua wenyewe taratibu. Jambo hili wengi hawalijui, na ni bure.

Liko na tatizo la spika. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 34 kutoka kwa waimbaji, wataisikia ngoma ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, nao watachelewa hivyo hivyo. Mpigaji atadhani wamechoka, atapunguza, nao watapunguza tena. Wekeni spika ndogo karibu na kwaya.

Umeme ukikatika na kurudi, usianze kupiga kabla ya kuitazama nambari, kwa kuwa mashine nyingi hurudi katika mwendo wao wa kuwashia.

Zoezi la juma hili: chukueni saa yenye mshale wa sekunde, mwimbe wimbo mmoja bila kinanda, mhesabu mapigo kwa sekunde 15, mzidishe kwa 4. Mkipata 27, mwendo wenu ni 108. Rudieni ubeti wa mwisho, mwandike nambari zote mbili. Juma lijalo mje nazo, tutazungumza juu ya kuupandisha wimbo kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Kwaherini.