Taa ya ABS kwenye gari yetu
Maneno ya fundi wa chama katika mkutano wa wanachama, Uvira

Mwenyekiti ameniomba nieleze kwa nini Hiace ya chama imelala siku nne, na kwa nini nilikatalia ile pompi ya ABS tuliyotaka kuuziwa. Bei yake ingemaliza sanduku letu.

Kila gurudumu lina kapta, ile kambini tulizoea kuita sensa. Inahesabu meno ya pete inayozunguka pamoja na gurudumu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gurudumu likitaka kukwama huku gari bado inaenda, kompyuta inalilegezea na kulikaza tena, mara nyingi kwa sekunde moja, ili usukani uendelee kutii. Kwenye changarawe, gari inaweza hata kuchelewa kidogo kusimama, njo maana mashofere fulani wanatoa fyuzi. Mimi sipendi. Barabara ya Baraka wakati wa mvua, gari imejaa watu na mizigo, nataka usukani.

Sasa taa. Ukiwasha kontakti, taa ya manjano ya ABS inawaka sekunde chache kisha inazimika. Isipowaka kabisa, uliza nani ametoa ampuli! Mnaonunua gari za mitumba, mnasikia? Ikiwaka yenyewe tu njiani, breki za kawaida zipo: nenda polepole mpaka kwa fundi. Lakini ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki, simama, angalia mafuta ya breki. Hata mafuta yakiwepo, usipakie watu, maana kwenye gari nyingi kompyuta ileile njo inagawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma.

Ya kwetu ilikuwa inazimika vizuri, halafu inarudi tukianza kutembea. Hapo shaka ya kwanza ni kapta, waya wake ao pete, siyo pompi. Kwenye Toyota nyingi unaunga pini ya 4 na ya 13 kwenye plagi ya uchunguzi chini ya usukani, unawasha kontakti, na taa inapepesa. Mara tatu, inapumzika, kisha mara moja: ni 31, mbele kulia. 32 ni mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Usikosee pini, utaunguza kitu. Yetu ilisema 32.

Ila 32 haisemi "nunua kapta". Inasema tu angalia pembe ile. Nikainua gurudumu, nikalitikisa: beringi haichezi. Ingecheza, nafasi kati ya kapta na pete ingebadilika, na kapta mpya isingesaidia kitu. Nikaosha matope kwenye pete, meno yote mazima. Kisha multimeta. Kapta za zamani, za sumaku, nyingi zinatoa kama omu 1000 hivi, zaidi ao pungufu. Za kisasa usizipime namna hii. Namba ilikuwa nzuri, mpaka nilipokata usukani mpaka mwisho: ikapotea. Waya umekatika ndani ya mpira wake, pale unapojikunja kila ukigeuza.

Nimeuunga, lakini pale panapojikunja patakatika tena. Tunahitaji kapta pamoja na waya wake, hata ya mtumba, mradi niipime kabla ya kulipa. Na multimeta ya chama, maana hii ni ya kuazima. Bei zote mbili nimempa mhazini. Mwenye swali aulize.