Kijana, Umejuaje Kama Hesabu Yako ni Sawa?

(Mazungumzo na vijana na wazazi kuhusu kuomba kazi ya mhandisi mkuu katika nishati ya nyuklia)



Mada niliyopewa inahusu kazi ambayo wengi wetu hatuifikirii kabisa. Ni kazi ya mhandisi mkuu anayetumia kompyuta kuiga mwendo wa maji, mvuke na gesi ndani ya vinu vya nyuklia. Najua kuna atakayesema, "Aah, hiyo si kazi ya watu wetu." Hebu subiri kidogo. Kenya haina kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, ni kweli. Lakini huko Ghuba, ambako watu wetu wengi wa Pwani wana jamaa au jirani aliyekwenda kutafuta riziki, kituo cha Barakah cha Abu Dhabi kina vinu vinne. Cha kwanza kilianza kazi ya kibiashara mwaka wa 2021 na cha nne mwaka wa 2024. Afrika Kusini wana Koeberg tangu miaka ya 1980, na Misri walianza kujenga El Dabaa mwaka wa 2022. Kazi zipo. Suala ni hili: wewe ukiomba, utaomba vipi?

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Kinu cha nyuklia ni kama birika kubwa. Urani inatoa joto, na maji yanalibeba joto hilo. Katika vinu vya aina iliyoenea zaidi duniani, maji hayo yana joto la nyuzi 300 hivi, na presha yake ni kama mara 150 ya presha ya hewa hii tunayovuta. Kwa kubanwa hivyo hayachemki kama maji ya sufuriani. Yanapita kwa kasi katikati ya vijiti vya fueli, kila kimoja kikiwa na unene wa karibu sentimita moja. Mwendo wa maji ukizubaa mahali, vijiti vya pale hupata joto kupita kiasi.

Sasa, nani atatia jicho humo ndani? Hakuna. Basi mhandisi hugawanya nafasi ile katika visanduku vidogo vidogo, mamilioni kwa mamilioni, na kompyuta hupiga hesabu ya kasi, presha na joto katika kila kisanduku. Mwisho hutoka picha ya rangi nyekundu, manjano na buluu, ya kupendeza macho. Hatari iko hapo kwenye uzuri wa picha.

Sikilizeni yaliyotokea San Onofre, California. Mitambo ya kutengenezea mvuke ilibadilishwa, ikawekwa mipya mwaka wa 2010 na 2011. Januari 2012 mrija mmoja ukavuja. Mionzi iliyotoka ilikuwa kidogo sana, lakini walipochunguza walikuta mirija mingi imelika kabla ya wakati wake. Ilibainika kwamba programu ya kompyuta iliyotumiwa wakati wa kubuni mitambo ilikadiria kasi ya mvuke kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa kweli. Mvuke ulipita kwa nguvu, mirija ikatetemeka, ikasuguana. Juni 2013 ikatangazwa kwamba kituo hakitawashwa tena. Mitambo mipya, na kituo kizima kikafungwa!

Zingatia jambo moja hapo. Kompyuta ilitoa jibu, na jibu lilionekana sawa. Kwa hivyo mwajiri wa kazi hii atakuuliza swali moja kwa namna nyingi: umejuaje kama hesabu yako ni sawa? Ombi lako lote liwe jibu la swali hilo.

La kwanza, soma tangazo polepole. Neno "mkuu" maana yake utakagua kazi za wenzako, na utazitetea hesabu mbele ya wasimamizi wa usalama. Mara nyingi wanataka shahada ya uzamili au ya uzamifu, pamoja na miaka kadhaa ya kazi. Kama hujafika, omba ngazi ya chini yake. Hakuna aibu kupanda ngazi kwa vidato. Tazama pia sharti la uraia. Nchi kama Marekani zina sheria zinazoangalia uraia wa mtu kabla ya kumpa taarifa za teknolojia ya nyuklia. Afadhali ujue mapema kuliko kusubiri jibu miezi sita.

La pili, usijaze wasifu wako majina ya programu kumi. Chagua kazi moja uieleze vizuri. Swali lilikuwa nini? Ulirahisisha nini, na kwa nini? Uliongeza visanduku mara ngapi mpaka jibu likaacha kubadilika? Ulilinganisha na vipimo gani vya maabara? Na shaka iliyobaki ni kiasi gani? Mtu anayeandika, "Karibu na kona ya bomba sikuliamini jibu langu, na sababu ni hii," atasomwa mara mbili. Anayeandika, "Mimi ni hodari," ataungana na mamia walioandika vivyo hivyo.

La tatu, huenda wasema, "Mimi sijawahi kukanyaga kituo cha nyuklia, nitapata wapi kazi ya kuonyesha?" Sikia basi. Programu ya OpenFOAM ni ya bure tangu mwaka wa 2004. Code_saturne, iliyotengenezwa na shirika la umeme la Ufaransa, EDF, ni ya bure tangu 2007. Chukua tatizo la kweli: mahali ambapo bomba la maji moto linaungana na la maji baridi. Joto la ukuta wa bomba hupanda na kushuka, panda shuka, mpaka chuma kinachoka na kupasuka. Ndivyo bomba lilivyovuja katika kituo cha Civaux, Ufaransa, Mei 1998. Baadaye jaribio la mchanganyiko kama huo lilifanywa katika maabara ya Vattenfall kule Sweden. Wahandisi wa nchi mbalimbali walitakiwa watoe makadirio yao kabla ya kuonyeshwa vipimo. Vipimo hivyo vimechapishwa. Jaribu nawe, halafu andika ulipopata na ulipokosa.

La nne, mahojiano ya kazi. Wanaweza kukuwekea picha nzuri na kukuuliza ina kasoro gani. Usikimbilie kujibu. Uliza visanduku vilikuwa vidogo kiasi gani, na maji yaliingia kwa kasi gani. Usilolijua sema, "Hili silijui, ila ningeanza kulichunguza hivi." Wala usiwaonyeshe michoro ya siri ya mwajiri wako wa sasa ukidhani utawafurahisha. Watajiuliza kesho utatoa siri za nani. Kazi hii ni amana, na amana huanza kupimwa kwenye ombi.

Nanyi wazazi wetu, neno dogo. Mtoto akikaa wiki tatu anakagua hesabu ambayo jibu lake lilishatoka, msimwambie anapoteza wakati; ndiyo kazi yenyewe hiyo. Na msimsukume atie chumvi kwenye wasifu ili apate kazi haraka. Kuna kazi ambazo uongo wake humrudia mwenyewe peke yake. Hii uongo wake huwafikia watu wanaoishi karibu na kituo, ambao hawamjui wala hawatawahi kuziona hesabu zake.