Karanga, Reli na Daftari la Mlipa Kodi



Mji huu wa Mtwara ni mtoto wa karanga. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 tume ya John Wakefield ilizunguka kwa wiki 9, ikarudi na mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Kongwa, mpango ulikoanzia, udongo ulikauka ukawa kama saruji, matrekta yakavunjika, mvua ikagoma. Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, aliendelea kuutetea mpango huo. Januari 1951 ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zilikuwa zimeteketea.

Hayo mmeyasikia. Lisilosemwa sana ni hili: karanga zilikufa 1951, lakini gati la kina kirefu lilikamilika hapa Mtwara mwaka 1954, na reli ya kutoka mashamba ya karanga ya Nachingwea ikafika bandarini mwaka huo huo. Mzigo uliokusudiwa haukuwepo tena. Mikataba ilikwisha kusainiwa, vyuma vilikwisha nunuliwa, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka na ujasiri wa kusema basi. Mwaka 1962 reli ikafungwa, kisha ikang'olewa.

Mtaniambia bandari leo inasafirisha korosho. Ni kweli, na tunashukuru. Ila faida iliyokuja kwa bahati haimsafishi aliyetumia fedha bila hesabu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo. Ibara ya 143 ya Katiba inampa kazi hiyo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na anaifanya. Tatizo letu ni saa. Ripoti yake ya mwaka wa fedha 2021/22 ilikabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi 2023, na Bunge likaijadili Novemba mwaka huo. Shilingi iliyotumika vibaya Julai 2021 ilijadiliwa baada ya zaidi ya miaka miwili. Mkandarasi amekwisha lipwa, mhusika amehamishiwa halmashauri nyingine, na mwananchi amebaki na hasira tu.

Kwetu hasira hiyo ina historia. Hadi 2018, asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilirudi kwenye tasnia, ikasaidia pembejeo. Mwaka huo Bunge lilibadili sheria, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Mkulima aliyehangaika kutafuta salfa ya kupulizia mikorosho, aliposikia redioni kwamba mamilioni yamelipwa kwa kazi hewa, alijua fika kwamba jasho lake limo humo.

Je, kuna njia? Ipo, na tumeionja. Mwishoni mwa 2021, fedha za kukabili UVIKO-19 zilipokuja kujenga madarasa, nchi nzima ilijua bei: darasa moja, shilingi milioni 20. Palikuwa na kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi, na wananchi wakiwemo. Kasoro hazikukosekana. Lakini aliyejua bei aliweza kuuliza jengo likiwa bado kwenye renta. Mama ntilie hawezi kusoma mizania ya wizara. Mifuko ya saruji inayoshushwa kwenye gari anaihesabu vizuri. Na ukimwandikia fundi wa hapa bati geji 28 ukaleta geji 30, atalijua kwa kulishika tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mradi wa umma ubandike eneo la kazi bei yake, vipimo vyake na orodha ya vifaa, kwa Kiswahili. Pili, mkutano mkuu wa mtaa uwe na haki ya kisheria ya kusimamisha malipo ya awamu inayofuata hadi upewe majibu ya maandishi, ndani ya siku zilizowekwa.

Wataalamu watalalamika kwamba vikao vitachelewesha kazi. Vitachelewesha kidogo, sawa. Gati na reli hapa mjini vilimalizwa miaka mitatu baada ya kazi yake kufa, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuvichelewesha.