Baada ya Sindano, Nani Anabaki na Mama?

Ukitaja sindano ya mgongo, wengi hukumbuka ile ya upasuaji. Ninayoizungumzia leo ni nyingine, ya kutuliza uchungu wa kuzaa. Mama huketi ameinama, kidevu kifuani, atulie hata uchungu ukimshika. Daktari wa usingizi hupitisha mpira mwembamba katikati ya pingili za kiuno, na mpira huo hubaki pale, dawa ikiongezwa kidogo kidogo hadi mtoto azaliwe.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mama mwenye afya njema akiiomba nafuu hii, apewe. Naunga mkono kwa moyo wote. Yale maneno ya "mbona wenzio wanazaa kimya" yamewaumiza wanawake wengi mno.

Ila kumchoma ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa huanza daktari akishatoka. Presha ya mama yaweza kushuka ghafla, na ikishuka, damu inayomfikia mtoto hupungua. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza unataka presha ipimwe kila dakika 5 kwa dakika 15 za mwanzo. Mama asilazwe chali, maana mji wa mimba utakandamiza mishipa mikubwa ya damu, alale ubavu. Na mapigo ya mtoto yafuatiliwe.

Halafu yapo ambayo mama mwenyewe hawezi kuyasema, kwa kuwa hayasikii. Kibofu kimejaa hadi kimetuna juu ya kinena, naye hana habari. Mpaka mkunga apapase, na ikibidi aweke mpira wa mkojo. Kisigino kimelalia pale pale kwa saa nzima, ngozi inaanza kuchubuka. Na ili kujua ganzi imepanda hadi wapi, mkunga makini huchukua pamba yenye spiriti, akaipandisha taratibu kutoka tumboni: "Mama, hapa unasikia baridi? Na hapa je?" Ikifika usawa wa matiti bado hasikii, daktari aitwe hima, kwani ganzi imepanda mno na pumzi inaweza kuwa shida.

Sasa mkunga mmoja, zamu ya usiku, vitanda sita mbele yake, atapimaje presha kila dakika 5? Wakuu wa hospitali, tuongezeeni wakunga kwanza. Nawe baba unayempeleka mkeo kujifungua mahali penye huduma hii, kabla hujauliza bei, uliza nani atakaa naye akishachomwa.